Jiji Lina Saa Zake

Muuza vifaa vya simu wa Luthuli Avenue, Nairobi, alikuwa amekwisha kuichukua simu yangu mkononi na kukagua tundu la chaja, kisha akainua macho, akanipita, akamtazama kijana aliyesimama nyuma yangu. "Bosi, huyu madam anataka chaja gani?"

Mimi ndiye niliyeuliza bei, na pesa nilikuwa nazo mimi. Kijana yule, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kunitembeza katikati ya jiji na kunieleza ninachokiona, alijibu kwa niaba yangu bila kusita, wakapatana wao wawili, nami nikalipa. Biashara ilikwisha kwa adabu kamili. Hakuna aliyenivunjia heshima, na chaja yenyewe ni nzuri. Ninaitumia mpaka leo.

Hata hivyo, kwa majuma kadhaa baada ya kurudi Dar es Salaam, ni tukio hilo lililokuwa likinijia nikiwa jikoni au ndani ya basi la mwendokasi, wakati twiga niliowaona katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na majengo marefu ya jiji yakiwa nyuma yao, walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye picha za simu na kutulia huko.

Nilikuwa nimelipia mtu wa kunionyesha jiji. Nikaanza kujiuliza kama sikuwa nimelipia pia mtu wa kunificha nalo.

Kusimama

Asubuhi ya kwanza, kabla sijampata mwongozaji yeyote, nilitoka hotelini peke yangu na kuteremka Moi Avenue, na haikuchukua muda kutambua kwamba ugumu haukuwa katika kutembea. Anayekwenda kwa mwendo wa Nairobi, ambao ni mwendo wa mtu aliyechelewa kazini hata siku ya Jumapili, hasumbuliwi sana. Ugumu ulikuwa katika kusimama. Mwanamke akisimama peke yake kando ya njia ili atazame ghorofa, asome kibao au afikiri tu, anakuwa ametoa tangazo. Makanga atataka kujua kama anakwenda Rongai. Muuza miwani atamwita mrembo. Na mtu wa tatu, asiyeuza kitu chochote, atamwuliza kwa upole mwingi kama amepotea. Huyo wa upole ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote.

Kwa hiyo siku hiyo niliiona Nairobi kwa pembe za macho.

Kijana niliyetafutiwa na hoteli alikuja na leseni yake ya utalii ikining'inia shingoni, na alikuwa amefaulu mtihani wa daraja la shaba wa chama cha waongozaji wa safari, mtihani unaomtaka mtu ajue wanyama, ndege, mimea na historia ya nchi. Alikuwa anajua. Alinisimamisha mbele ya sanamu ya Tom Mboya na kunieleza jinsi mwanasiasa huyo alivyopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969 akitoka katika duka la dawa kwenye barabara hiyohiyo, wakati huo ikiitwa Government Road, na namna nchi ilivyobadilika baada ya alasiri ile. Akaniingiza katika jengo la Kumbukumbu za Taifa kuona vinyago na vitambaa alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais kwa miezi michache mwaka 1966 na ambaye, ukiniuliza mimi, aliacha siasa mapema akafanya jambo lenye manufaa zaidi. Tukamwona Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, kwenye barabara yenye jina lake, sanamu iliyozinduliwa mwaka 2007, kisha wale askari wa shaba wa Kenyatta Avenue, ndugu wa yule mmoja wa kwetu aliyeinama na bunduki pale katikati ya Dar.

Nami nilisimama. Nilisimama nilivyotaka, dakika kumi nikipenda, shingo imeelekea juu.

Hakuna aliyeniita mrembo siku nzima. Maneno yote ya barabarani yalipita juu ya kichwa changu na kutua kwa mwenzangu: wachuuzi walimwuliza yeye ninatafuta nini, mlinzi wa jengo alimwuliza yeye ninatoka wapi, na mzee mmoja alimpongeza yeye kwa kuwa na mgeni mtulivu. Nilikuwa nimeondolewa kwenye mazungumzo, na kwa saa kadhaa nilifurahia kuondolewa, jambo ambalo lazima nilitaje kwa sababu malalamiko yanayofuata yasingekuwa ya haki bila hilo. Lakini utulivu ule ulikuwa wa kuazima, na mwenye nao aliniaga saa kumi na moja jioni akaondoka nao. Kutoka pale aliponiachia hadi mlangoni pa hoteli hapakuwa mbali, nami nilipita kasi vilevile kama asubuhi ya kwanza, nikijua mengi kuhusu mwaka 1969 na bila kujua upande upi wa barabara ungenifaa.

Swali la viatu

Nilimwomba dada wa mapokezi anitafutie mwongozaji mwanamke. Aliniuliza zaidi ya mara moja kama yule wa kwanza alinikosea, nikamwambia hapana, na nilikuwa nikisema kweli. Kumpata kulihitaji simu nyingi. Waongozaji wanaume walijaa kwenye orodha yake, wanawake walikuwa wa kutafutwa kwa jamaa wa jamaa.

Aliyepatikana alikuwa amekulia Kayole, upande wa mashariki wa jiji, na alinipigia simu usiku kabla ya kukutana. Nilitarajia aniulize nataka kuona nini.

"Utavaa viatu gani, dada? Na unataka kuwa umerudi saa ngapi?"

Nilipotembea naye, kelele za barabarani zilirudi. Tulikuwa wanawake wawili, si mmoja aliyefichwa nyuma ya mwanamume, na jiji lilitushughulikia hivyo. Baadhi ya waliotuita aliwajibu kwa mzaha wa Sheng, lugha ya vijana wa Nairobi, ambao sikuupata wote lakini uliowafanya wenyewe wacheke na kutupisha. Wengine aliwapita kana kwamba hawajazaliwa. Nilimwuliza anatofautisha vipi, akaniambia anatazama miguu: anayezungumza huku akiendelea na kazi yake ni wa kujibiwa, aliyeanza kusogea si wa kujibiwa.

Halafu palikuwa na suala la choo. Siku niliyotembezwa na kijana sikunywa maji tangu asubuhi, kwa hesabu ambayo wanawake wasomao hapa hawahitaji kuelezwa, na yeye, kwa staha yake, hakuuliza. Dada huyu alianza nalo. Kabla hatujafika Moi Avenue alikuwa amekwisha kunionyesha vyoo vya kulipia vilivyo safi, vile ambavyo ni safi asubuhi tu, mkahawa ambao hawamwulizi mwanamke amenunua nini, na sehemu ya wanawake katika Msikiti wa Jamia, aliyoitaja kwa sababu aliona nimejitanda mtandio.

Kadiri tulivyokwenda ndivyo nilivyoelewa kwamba anatumia ramani nyingine kabisa. Kila mahali kwake palikuwa na saa. "Hapa saa kumi ni sawa. Saa moja usiku pita ile upande ingine." Steji moja ya matatu, daladala za huko, ilikuwa njema mpaka foleni ya wafanyakazi inapokwisha, kisha inabadilika, kwa sababu foleni ndiyo iliyokuwa ikiilinda. Gari lisilo na abiria asilipande mwanamke usiku, hata kama kondakta ana uso wa upole. Na lenye watu asiliamini mara moja, maana wamo wanaolipwa kukaa vitini ili gari lionekane limejaa. Mvua ikinyesha, nauli hupanda papo hapo na giza huonekana kuwahi, hivyo ramani yote husogezwa nyuma kwa saa moja. Jua la Nairobi linazama karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na nilipomtazama akiongea nilihisi kwamba saa hiyo kwake ni mpaka, kama ule wa Namanga nilioupita na basi.

Waliokaa

Sikumwomba anionyeshe historia ya wanawake. Ilikuja kwa sababu nilisema, nikiwa nimechoka na kwa kuropoka kidogo, kwamba sanamu zote nilizoonyeshwa zilikuwa za wanaume.

Akanipeleka karibu na kituo kikuu cha polisi, Harry Thuku Road inapoanzia. Hapo hapakuwa na cha kupigia picha. Harry Thuku, mpinga ukoloni, alikamatwa mwezi Machi 1922, na tarehe 16 umati ulijaa nje ya kituo alikoshikiliwa ukitaka aachiwe. Viongozi wa kiume walipoanza kuwashauri watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake hadi juu na kuwaambia wanaume wampe suruali zao wachukue gauni lake. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasogea mbele, askari wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Serikali ya kikoloni ilitaja vifo 21. Wengine walihesabu zaidi.

Kutoka hapo tulitembea hadi Uhuru Park, kwenye pembe inayoitwa Freedom Corner. Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alikuwa amekwisha kuiokoa bustani hiyo mwaka 1989, alipopinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani yake, na mwishoni mwa Februari 1992 aliketi hapo pamoja na akina mama waliodai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiwe. Siku chache baadaye polisi walikuja na marungu na mabomu ya machozi. Baadhi ya wale mama, watu wazima wa umri wa bibi zetu, walivua nguo mbele ya askari. Wangari alipigwa hadi akazimia. Walipofukuzwa bustanini wakahamia katika Kanisa Kuu la All Saints lililo jirani na kukaa huko karibu mwaka mzima, na wengi wa wafungwa wakatoka.

Yule kijana wa kwanza, nina hakika, anayajua haya yote, maana yako katika vitabu vyake vya mtihani. Tofauti ni kwamba dada huyu aliyasimulia kama mtu anayeeleza ni wapi panaweza kukaliwa. Na aliendelea hadi mwaka 2014, ambao si wa vitabuni kwake. Mwezi Novemba mwaka huo mwanamke alivuliwa nguo na wanaume kwenye kituo cha matatu katikati ya jiji, kwa madai kwamba amevaa vibaya, na tarehe 17 mamia ya wanawake waliandamana kutoka Uhuru Park hadi kwenye kituo hicho. Bunge likapitisha sheria inayotaja kosa hilo waziwazi kabla ya mwaka kwisha.

"Wewe ulikwenda?" nikamwuliza.

"Nilikwenda. Lakini niliondoka saa tisa, ndio nifike nyumbani mapema."

Alicheka alipolisema hilo. Mimi sikuweza kucheka upesi kama yeye.

Uzio

Hapa ndipo mashaka yangu yalipogeuka upande wa pili.

Niligundua kwamba nilikuwa nimeacha kuuliza. Aliposema hapa hatupiti, sikupita, na niliandika moyoni kwamba hapapitiki, nikawa ninajikusanyia hofu za mtu mwingine na kuziita maarifa. Kirinyaga Road ilikuwa mojawapo. Nilitaka kuiona kwa sababu nimesikia habari zake tangu utoto kwa mjomba aliyekuwa akinunua vipuri vya lori huko, naye akatikisa kichwa. Nikamwuliza ni kwa sababu gani. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha akaniambia rafiki yake alinyang'anywa mkoba pale walipokuwa chuoni, na tangu wakati huo hakupita tena.

Tulipita siku iliyofuata, saa nne asubuhi, mikoba imevaliwa kifuani. Mafundi walikuwa chini ya magari, vijana walikuwa wamebeba milango ya gari kichwani, na jambo kubwa lililotupata ni mtu kutufuata akitaka kutuuzia kioo cha pembeni cha gari ambalo hatuna. Dada yule alikuwa akiangalia maduka kwa udadisi kuliko mimi, akatafuta lilipokuwa duka la vitabu vilivyotumika alilolikumbuka, asilione.

Asubuhi moja haithibitishi chochote kuhusu usiku, na sidai kwamba alikuwa amekosea. Ramani ya namna ile imechorwa kwa matukio ya kweli. Tatizo lake ni kwamba tukio likishachorwa halifutwi, hata miaka ikipita na mtaa ukibadilika.

Na uzio ule haukunizuia mimi mgeni peke yangu. Njiani kurudi nilimwuliza kwa nini wanawake ni wachache katika kazi yake, nikitarajia jibu kuhusu waume na wazazi. Jibu lake lilihusu usafiri wa matatu. Wageni wengi wanataka kuona jiji usiku, kula nyama choma, kusikia muziki, na hapo ndipo penye malipo mazuri na bahashishi. Mwongozaji mwanamume akimaliza saa nne usiku anapanda gari anakwenda zake. Yeye, ili arudi Kayole saa hiyo, itambidi akodi teksi, na teksi italamba sehemu kubwa ya alichokipata. Kwa hiyo kazi zake zinakwisha saa kumi na moja, na za usiku huwapa wenzake wanaume. Nilikuwa nimeichukulia ramani yake kama ujuzi anaoniuzia, wakati yeye huilipia kila jioni.

Pumwani

Nilitaka kwenda Pumwani kwa sababu za nyumbani. Nimelelewa Ilala, katika nyumba yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na nilikuwa nimesoma kwamba mtaa huo, uliopangwa na wakoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika wa mjini, ulijengwa nyumba za namna hiyohiyo, na kwamba wenye nyumba wengi wa mwanzo walikuwa wanawake, waliojitafutia fedha zao mjini wakati serikali ilitaka mjini wawepo wanaume wenye vipande, yaani vitambulisho vya kazi, peke yao.

Mwongozaji wangu hakuwa na raha. Alipajua Gikomba, soko la mitumba lililo jirani, lakini Majengo, sehemu ya Pumwani, alikuwa akiipita na matatu tu. Hakuwa na saa zake.

Tuliingia asubuhi. Katika kichochoro cha pili walikaa barazani bibi wawili wakichambua mchele, nami, bila kufikiri, nikafanya ninachofanya kila siku ya maisha yangu: nikapunguza mwendo, nikavua viatu pembezoni mwa mkeka na kuwaamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka pwani ipi?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini siku hiyo mwenyeji alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika mkoba kwa mikono miwili, akingoja kuambiwa aketi. Niliwaambia huyu ni mwenzangu. Wakamwuliza nyumbani kwao ni wapi, akawajibu Kayole, wakamwuliza hapana, nyumbani, akataja Murang'a, na mmoja wao akamwongelesha Kikikuyu, maana mama yake alitokea huko kabla ya kuja mjini na kusilimu. Nyumba ile ilikuwa ya mama huyo. Aliijenga mwenyewe, akaikodisha vyumba, akamwachia binti.

Tulikaa mpaka chai ikatoka, na mahamri, na mbaazi zilizobaki tangu asubuhi. Hakuna aliyepita akatusemesha isipokuwa kwa salamu. Nilikuwa nimesimama, nimeketi kabisa, katikati ya Nairobi, bila kuazima utulivu kwa mtu yeyote, na nilijua fika kwamba ulitokana na mkeka ule na wenye mkeka, na kwamba mitaa miwili mbele usingenifaa kitu.

Dada yule aliuliza maswali kuliko mimi. Aliuliza barabara ya kutokea Gikomba, aliuliza magari yanasimama wapi, na mwisho akamwuliza bibi jambo nililojua atalifikia: usiku wanawake wanarudi saa ngapi hapa? Bibi akamtazama kwa mshangao kidogo. "Wanarudi wapi? Si wako kwao?"

Ujumbe

Juma lililopita dada huyo aliniandikia. Anakuja Dar es Salaam, si kikazi, kutembea tu, na ana maswali. Atafikia karibu na Kariakoo. Wanawake wanaacha kutembea kule saa ngapi?

Nimeishi jiji hili maisha yangu yote na nilikaa na swali hilo siku mbili. Kisha nikaenda kuliuliza. Mama lishe mmoja wa Mtaa wa Msimbazi aliniambia saa mbili. Muuza khanga aliye hatua chache kutoka kwake akasema inategemea maduka yamefungwa au la, maana taa za maduka ndizo taa za barabara. Binti anayeuza vocha akasema yeye anatembea saa yoyote, mradi kituo cha mwendokasi bado kina watu, na baada ya hapo hatembei hata kwa kulipwa.

Nimemwandikia yote matatu kama yalivyo, na la nne la kwangu: kwamba nitampokea mwenyewe stendi ya Magufuli, na kwa kuwa Mbezi ni mbali na mjini, asipande basi la alfajiri linaloingia Dar usiku wa manane. Achukue lile la jioni, alale njiani, afike mchana.